Mjomba alivyokuwa akibaki kwenye benchi

Tulimzika mjomba Jumamosi, Bukoba, kwenye kibanja cha babu. Mchungaji hakuja. Mwinjilisti alisoma sala fupi, kengele ya kanisa haikupigwa, na kwaya aliyoiimbia tangu ujana wake haikusimama kuimba. Mjomba alikuwa ametengwa tangu alipooa mke wa pili, na mauti yamemkuta kabla hajarudi kundini. Usiku ule, watu wakiwa wamepungua msibani, mama mdogo akanisogelea: "Mwanangu, wewe unayesomasoma, hivi wokovu wa kaka yangu ulikwenda wapi?"

Nikamwambia tutaongea. Naandika hapa kwanza.

Ukoo wetu ni wa uamsho. Babu aliokoka pale uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ulipopitia Uganda ukaingia Buhaya. Ndio uamsho uliomlea Askofu Josiah Kibira, aliyekuja kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani kuanzia 1977 hadi 1984. Nyumbani kwa babu kila aliyeokoka alikuwa na siku yake na angeweza kukutajia alikuwa amesimama wapi. Kwenye ushirika watu walitembea nuruni: unasimama, unaungama hadharani hata hasira uliyomkasirikia mkeo asubuhi. Napenda sana ule ukweli wao. Ila wokovu ukishakuwa na tarehe ya kuanza, haichukui muda watu wakaanza kuutafutia na tarehe ya kwisha.

Binamu yangu wa Dar, ambaye ni Mbaptisti, hana shida na swali hili. Ukiokoka umeokoka. Kama mjomba alianguka na hakurudi, basi hakuwahi kuokoka, na hapo ananisomea 1 Yohana 2:19: walitoka kwetu, lakini hawakuwa wa kwetu. Sijaridhika. Jibu hilo linaonekana kama la faraja, lakini linamnyang'anya mjomba hata miaka ile ambayo hakuna aliyetilia shaka imani yake. Tena linaniacha mimi pabaya zaidi, maana nami nitajuaje kama yangu ni ya kweli mpaka nife?

Wapo waliokwenda na Waebrania 6 mkononi: waliokwisha kupewa nuru wakaanguka, haiwezekani kuwafanya upya tena hata wakatubu. Andiko hilo nimelisikia likisomewa binti aliyepata mimba kabla ya ndoa. Ukilisoma taratibu, linazungumza juu ya watu wanaomkana Kristo mwenyewe na kumfedhehi. Yule binti alikuwa analia.

Jana nimekaa na habari za mfalme Daudi. Katika Makala za Smalkald, 1537, mojawapo ya maandiko ya ungamo la Kilutheri, Luther anasema kwamba Daudi alipoanguka katika uzinzi na kuua, imani na Roho Mtakatifu vilikuwa vimemtoka. Sinodi ya Dort, mkutano wa makanisa ya Kikalvini uliofanyika Uholanzi, 1618 hadi 1619, nayo inamtaja Daudi, pamoja na Petro, kuonyesha kwamba watakatifu huanguka vibaya, lakini Mungu hawaondolei Roho wake kabisa. Mtu ni yule yule, dhambi ni ile ile. Mwenyewe Daudi, katika Zaburi 51, anaomba: "wala roho yako mtakatifu usiniondolee." Aliyekwisha kuondolewa haombi hivyo, wala aliye na hakika kwamba hawezi kuondolewa.

Mimi nabaki Mlutheri katika hili. Naamini mtu anaweza kuiacha imani, si kwa kuteleza kama anayedondosha ufunguo njiani, bali kwa kugeuka na kukataa kurudi. Maonyo ya Waebrania ni ya kweli, na yanamfaa anayesema nitatubu nikizeeka. Lakini kwa mwenye hofu kuna Yohana 10: "wala hakuna mtu atakayewapokonya katika mkono wangu." Ukiyabadilisha, ukampa mwenye kiburi faraja na mwenye hofu vitisho, umewaharibu wote wawili.

Mjomba alikuwa yupi? Naweza kusema nilichokiona tu. Alikuja ibadani karibu kila Jumapili, akakaa benchi la nyuma upande wa wanaume. Wakati wa Meza ya Bwana wenzake walipoinuka, yeye alipindisha magoti pembeni wapate kupita, kisha akaendelea kuimba besi bila kitabu. Alizuiwa Mezani, na sibishani na utaratibu huo, kwa sababu mke wa kwanza alidhulumiwa kweli na machozi yake nayajua. Lakini kutengwa kuliwekwa ili mtu arudi. Kuinyamazisha kengele siku ya maziko ni kitu kingine. Hapo wazee wameshasoma hukumu isiyo yao.

Binamu ataniambia nawafungulia watu mlango wa kutenda dhambi. Paulo naye alirushiwa swali hilo, akajibu "Hasha!", na sura ya tano ya Warumi, inayosema dhambi ilipozidi neema ilizidi zaidi, akaiacha ilivyo.

Na kuna mtu ambaye hakuna aliyeuliza habari za wokovu wake: yule mke wa pili. Naye amebatizwa, naye ametengwa, na sasa ni mjane. Ndoa iliyomzuia Mezani imekwisha Jumamosi. Jioni hii nimemtumia mama mdogo ujumbe, kumuuliza kama kuna mzee wa kanisa yeyote aliyekwenda kukaa naye tangu maziko. Hajajibu bado.