Nimerudi Kasese, nikakuta karatasi za benki chini ya kitanda cha mama

Jamani nimerudi nyumbani Uganda. Miaka 23 Mombasa, ukitoa zile siku nne nilizokuja kumzika mzee, na nimeshuka kwenye basi la usiku saa kumi na moja alfajiri miguu imevimba, kijana wa boda akaniangalia akasema, "Mzee, twende?" Mzee! Niliondoka hapa nina miaka 20.

Mji umekua, sitaki kusema uongo. Ila stesheni ya treni ni majani na mbuzi, wale ndege wakubwa, kaloli, bado wamesimama kwenye miti kama mahakimu, na ukipanda kwenda Kilembe unakuta mto Nyamwamba umeacha mawe yenye ukubwa wa gari la matatu katikati ya mahali palipokuwa na nyumba za kempu ya wachimbaji. Mafuriko ya Mei 2013 na yale ya Mei 2020, nilikuwa nayasikia tu redioni. Kuona ni kitu kingine, nilimwambia boda asimame nikakaa pale muda.

Lakini nilitaka kuwaambia habari ya benki.

Watu wa rika langu mnaikumbuka ile benki ndogo, jina silitaji, iliyokuwa na mlango wa chuma wa kijani na askari mmoja mwenye rungu. Sahii ni duka la misumari na saruji, na pembeni kuna dada anatoa na kuweka pesa za simu. Nikaingia kununua kufuli, kisingizio tu, nikamuuliza mwenye duka chumba cha sefu kiko wapi. Akacheka akanipeleka nyuma. Mlango bado upo! Mzito, unene wake kama kiganja changu, hawakuweza kuung'oa bila kubomoa ukuta, basi ndani anaweka mahindi. Ati ndo chumba pekee mji mzima ambacho panya hajawahi kuingia.

Sasa nyumbani kwetu tumekua na hadithi moja, kwamba benki ilikula pesa za mzee za mgodi. Baba alichimba shaba Kilembe chini kwa chini mpaka uzalishaji ulivyosimama mwanzoni mwa miaka ya 80. Tangu 1956 shaba ilikuwa inatoka hapa inapanda treni kwenda kuyeyushwa Jinja, halafu kimya. Alipewa kitu kidogo cha kuondokea, akaweka benki, benki ikafungwa, mimi nikakosa ada ya S5, kidato cha tano, nikaenda zangu Mombasa kubeba mizigo bandarini. Hiyo ndo historia yangu nilikuwa nawapa watu, nimeisimulia Changamwe, nimeisimulia Kisauni, na kila nikiisimulia benki inazidi kuwa na roho mbaya.

Juzi nlikuwa namsaidia mama kutoa vitu chini ya kitanda manake mchwa wameingia, tukavuta sanduku la bati, ndani kuna bahasha ya kaki imefungwa kwa uzi wa kiatu. Nikafungua. Barua ya kwanza inatoka kwa risiva, yaani yule aliyewekwa kusimamia mali za benki baada ya kuanguka, na haisemi mzee anadai. Inasema mzee ANADAIWA. Milioni 6 na laki 2, alizokopa kujenga mizigo (wasio Waganda, mizigo ni vile vyumba vya kupangisha vilivyojipanga mstari mmoja, si furushi). Akiba yake ilikuwa shilingi 840,000, wakaikata humo humo kwenye deni, ikabaki milioni 5 na laki 3 na 60,000. Hati ya kiwanja, kyapa, iko kwao mpaka amalize.

Nilisoma mara tatu. Nikakaa chini.

Ukifikiria inaeleweka. Miaka ya 90 hapa kila mtu alikuwa anasubiri kobalti, madini mengine yanayopatikana pamoja na shaba. Kulikuwa na lile rundo la mabaki ya mgodi, na habari ikaenea kwamba wazungu wanajenga kiwanda cha kuitoa kobalti humo, na kweli kiwanda kilikuja kuanza 1999. Basi kila mwenye kiwanja akakopa ajenge vyumba vya wafanyakazi. Wakati huo huo milimani kuna vita ya waasi wa ADF tangu Novemba 1996, watu wanakimbia na magodoro vichwani, nani anapanga chumba? Mikopo haikulipwa. Benki ndogo ya mji mdogo, wote waliokopa wamekopa kwa ndoto ile ile moja, ndoto ikichelewa mnaanguka pamoja. Na miaka ile si yetu peke yake, nchi nzima benki zilikuwa zinadondoka, ICB (International Credit Bank) Septemba 1998, Greenland Aprili 1999, Co-operative Mei mwaka huo huo.

Kitu ambacho sikujua, na nadhani wengi hatujui, ni kwamba benki ikifa deni lako halifi nayo. Sisi tulidhani mlango ukifungwa basi wote tumepoteza. Hapana. Mwenye akiba ana ulinzi wake, siku hizi Uganda unalipwa mpaka milioni 10, zamani ilikuwa milioni 3. Lakini aliyekopa, kwa risiva yeye ndo mali yenyewe. Anafuatwa, au deni lake linauzwa kwa mtu mwingine naye anakuja kumfuata. Na hapo ndo nilipoumia, manake nakumbuka 2019 ile kamati ya Bunge, COSASE, ilivyosema mikopo ya zile benki tatu niliyotaja iliuzwa na Benki Kuu kwa punguzo la asilimia 93. Tisini na tatu! Yaani deni la shilingi 100 mtu alilinunua kwa 7. Mzee wangu hakuna aliyemwambia habari ya punguzo. Alilipa yote, na riba juu.

Alilipa na nini? Hapo ndo kuna risiti.

Ziko rundo zima, zimepangwa kwa tarehe, mzee alikuwa mtu wa utaratibu. Laki moja. Elfu 80. Laki na nusu. Nikaanza kuziangalia tarehe, mwili ukapoa. Machi 2002 mzee alinipigia kwa simu ya jirani, akasema bati za nyumba zimetoboka mvua inaingia, nikauza saa yangu na nikakopa kwa nahodha mmoja, nikampa dereva wa basi laki na nusu za Uganda alete. Risiti ya laki na nusu ni siku nne baadaye. Bati tena 2003. Choo 2004. Mama mgonjwa 2005, na mama hakuumwa! Risiti ya mwisho ni ya 2006, na chini yake kuna kyapa yenyewe, imerudi, ina muhuri.

Nikainua kichwa nikaangalia paa. Bati ni zile zile za utoto wangu, nyekundu kwa kutu, na lile tundu langu la manati bado limezibwa na lami.

Nikamfuata mama nje, anachagua maharagwe. Nikamwambia, mama, kumbe mlinidanganya miaka yote hiyo.

"Nani alikudanganya? Tulisema bati. Bati si hizo hapo?"

"Mama, hizo ni za zamani."

"Na kiwanja kingeenda, mwanangu, bati mpya ungeziweka wapi?"

Sikuwa na jibu na bado sina. Nina hasira na mzee, hasira ya kweli, nilale njaa Mombasa kumbe nalipa mkopo nisioujua, lakini kitanda ninacholalia sahii kiko chumba cha kwanza cha ile mizigo. Sijui nianze kuisimulia vipi hii hadithi, ile ya zamani ilikuwa fupi na watu walikuwa wananionea huruma.

Tukiwa bado tumekaa, akaja mpangaji wa chumba cha tatu kulipa kodi. Kijana wa boda, yule yule aliyeniita mzee! Akauliza kama ni kweli mgodi unafunguliwa tena, manake anafikiria kukopa anunue pikipiki ya pili. Mama hakumjibu. Alihesabu zile elfu 80 mara mbili, akazifunga kwenye ncha ya leso, akaingia nazo ndani kwenye sanduku.