Julia Roberts kakosa mume, saluni nzima tumenuna

Leo saluni hapa Kirumba, Mwanza, nasukwa rasta, msusi kachomeka flashi, ikaja filamu ya My Best Friend's Wedding. Ya 1997 hiyo, wengine humu hamjazaliwa 😄

Julia Roberts anashtuka kuwa anampenda rafiki yake, siku chache kabla jamaa hajafunga ndoa na binti mwingine kule Chicago. Fitina zote anazijaribu. Na sisi tunamshangilia!

Isipokuwa mama mmoja muuza dagaa wa Mwaloni: "Miaka yote alikuwa wapi? Mwacheni mtoto wa watu aolewe."

Na kweli, bwana harusi akaenda zake na mkewe.

Halafu pale kwenye sherehe simu inaita. Ni George, rafiki yake mwingine. Kumbe yumo humo humo ukumbini! Anamwinua wacheze.

Msusi akaacha kusuka. Kashikilia rasta yangu nusu, kichwa kimevutwa upande, na wala sikulalamika. Nilikuwa namuwaza mtu wangu wa Nyegezi, yule ambaye ningempigia usiku akadandia bodaboda akaja.

Si mpenzi, jamani. Acheni umbea.

Haya, nyie mko upande wa Julia au wa mama dagaa? Na George wako ni nani? Mtaje hapa chini 👇