Siku yangu na shanga za klei: oda ya kichen pati

Saa kumi na moja alfajiri

Watu wengi wa Dar wanaamka saa hizi kukwepa foleni. Mimi nakwepa jua. Klei ya polima ninayotengenezea shanga haielewani kabisa na joto la huku kwetu Sinza. Ikifika saa tano, bati likishapata moto, gogo la nakshi linalegea kiasi kwamba wembe ukiligusa tu mistari inaburuzana na ua zuri linageuka doa. Kwa hiyo kazi za kukata naziweka alfajiri, na zile zinazotaka klei laini naziacha mchana.

Gogo la leo limelala kwenye friji, ndani ya mfuko wa plastiki. Mfuko ni lazima. Ukilitoa kwenye baridi likiwa wazi linatoka jasho, na unyevu ukinaswa katikati ya tabaka unakuja kuinua vipovu ndani ya oveni. Nalitoa na mfuko wake, naenda kuoga, nikirudi ndipo nalifungua.

Ninaposema gogo namaanisha fimbo ya klei ambayo nakshi imepita ndani yake mwanzo hadi mwisho, popote utakapokata unakuta picha ileile. Hili lina korosho, ile ya kwenye kanga: nyekundu ndani, mstari mweusi kuizunguka, nyeupe nje. Lilianza nene, la kushikwa kwa mikono miwili. Nikalibana kutoka katikati kwenda ncha zote mbili, likarefuka na kukonda mpaka korosho ikawa na ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho. Mafundi wa Venice walifanya kazi ya namna hii kwa kioo cha moto, na shanga za Venice zilishushwa Zanzibar karne ya 19 kwa ajili ya misafara ya kwenda bara. Wao walihitaji tanuru, mimi nahitaji friji.

Nakata kwa wembe mrefu, vipande vyembamba vya kuonyesha kivuli cha kidole upande wa pili. Kila baada ya vipande vichache nalizungusha gogo kidogo. Likikaa upande mmoja muda wote linabonyea chini, na korosho zote zinaota kitambi.

Saa moja asubuhi

Watoto wanaondoka na bajaji. Chai, maandazi, vyombo. Jikoni na mezani kwangu hapachanganyiki: kijiko kilichogusa klei mbichi hakirudi kwenye sufuria, na oveni ya shanga haiokewi keki hata siku ya sikukuu.

Saa mbili

Oda ni ya kichen pati ya Jumamosi. Kamati imechagua sare ya kisutu, na wanataka mikufu na bangili za kwenda nayo. Nyekundu, nyeusi na nyeupe: kwa bibi harusi ni heri tupu, kwa mtu wa klei ni mtihani. Nyekundu inang'ang'ania vidoleni hata ukiamini umenawa, na nyeupe inaokota kila kinachopita, vumbi, nyuzi za nguo, unywele. Dawa yake ni kuanza na nyeupe, ifuate nyekundu, nyeusi ije mwisho, na kati ya rangi na rangi vidole vifutwe kwa wipesi za watoto. Leo nimevaa fulana nyeupe makusudi, kama kuna uzi utadondoka basi uwe mweupe.

Klei ya pakiti, hata kama ni mpya, haiingii kazini kabla ya kukandwa. Naikata vipande, naikanda kwa kiganja, halafu naipitisha kwenye mashine ya tambi, naikunja, naipitisha tena. Mkunjo ndio utangulie kuingia kwenye mashine. Ukiingiza upande ulio wazi kwanza unafungia hewa ndani, na hewa hiyo utakutana nayo baadaye ikiwa imekuwa kipele usoni mwa ushanga.

Mama jirani anapiga hodi. Amekuja kuomba limau, lakini meza yangu haimpiti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hivi huu udongo mnauchimba wapi?"

"Hauchimbwi, mama. Ni PVC, ndugu yake bomba la maji, imesagwa ikatiwa kilainishi na rangi. Hata ukiuacha hapa wiki nzima haukauki, mpaka uingie kwenye oveni."

"Kagundua nani jambo hili?"

Namsimulia nilivyosoma. Ujerumani kulikuwa na mama mmoja mashuhuri kwa kutengeneza wanasesere, Käthe Kruse. Binti yake, Fifi Rehbinder, ndiye aliyeufanyia kazi udongo huu nyumbani, na mwaka 1964 kampuni ya Eberhard Faber ikauchukua kwake. Jina la FIMO linaloonekana kwenye pakiti limeanzia kwenye jina lake, Fifi.

"Kwa hiyo ni plastiki."

"Ni plastiki, mama."

"Basi punguza bei."

Ameondoka na limau mbili na hereni moja sikioni ya kujaribia. Hiyo hereni haitarudi, nakwambia.

Saa tatu mpaka saa sita

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na hapa ndipo ninapopapenda.

Tumbo la ushanga halionekani, kwa hiyo natumia mabaki, rangi zilizochanganyika zikawa kahawia isiyo na jina. Nayatandaza kwenye mashine yawe na unene mmoja, nakata vidude vya duara kwa kifuniko kimoja kilekile, kila kimoja nakiviringisha. Kwa njia hiyo shanga zinatoka saizi moja bila mizani. Watu wanaokadiria kwa macho nawaheshimu, ila mkufu wao naujua kwa mbali.

Kisha navisha. Kipande cha korosho juu, kingine ubavuni, kingine chini, nikigusanisha kingo bila kuzipandisha. Naviringisha katikati ya viganja, nguvu kidogo sana, mzunguko mdogo. Mwanzoni unahisi mabonde kwa ngozi. Baada ya muda mabonde yanakwisha, na ukipitisha ukucha haukwami popote. Hapo nakshi imekuwa uso. Alama za vidole nazizuia kwa kupaka kornflawa kidogo sana kwenye ncha za vidole. Ikizidi, nyeusi inapauka.

Shanga nyeusi sizivishi gogo, nazipa alama. Nina kipande cha mkeka wa ukindu uliochakaa, na hicho ndicho muhuri wangu mkuu. Naubonyeza ushanga juu yake, nauzungusha, nabonyeza tena, ule msuko wote unahamia kwenye klei mpaka na vile vinyuzi vya pembeni ya ukindu. Kwa sasa hauonekani sana, ni weusi juu ya weusi. Utaonekana baada ya oveni nitakapopaka rangi nyeupe ya akriliki na kuifuta papo hapo kwa kitambaa chenye unyevu: rangi inabaki mashimoni, mgongo unarudi mweusi. Mihuri ya plastiki inayouzwa mitandaoni ninayo, imelala kwenye droo. Kila mtu duniani ana mihuri ileile. Mkeka huu ni wangu peke yangu.

Nyekundu nimezitengea kitu kimoja tu, karatasi ya dhahabu bandia, na ni za bibi harusi mwenyewe. Unailaza karatasi juu ya klei iliyotandazwa, unaipapasa ishike, halafu unapitisha vyote kwenye mashine kwa unene mdogo zaidi. Klei inatanuka, dhahabu haitanuki, inapasuka mistarimistari na wekundu unachungulia katikati. Ni sekunde chache za kazi na watu wanadhani umekesha. Kwa kuwa si dhahabu ya kweli, inafubaa ikiachwa wazi, kwa hiyo hizi lazima zipate vanishi.

Kamati waliniuliza kama naweza kuweka korosho, mkeka na dhahabu vyote kwenye ushanga mmoja. Naweza. Sitaki. Jicho linahitaji pa kupumzikia.

Kutoboa ni mwisho, na si papo hapo. Shanga zikae kwanza kwenye friji zishike. Ushanga uliotoka mkononi ukiutoboa unakuwa yai. Sindano nene naizungusha huku nikisukuma taratibu, mpaka upande wa pili paonekane kichuguu kidogo. Hapo nasimama. Natoa sindano, naingilia pale kwenye kichuguu, natobolea kutoka huko. Ukisukuma moja kwa moja unatokeza na shavu la nakshi, korosho inapasuka mkia.

Saa saba mchana

Wali maharage, feni namba tatu. Oveni inawashwa.

Shanga hazilali kwenye sinia, zikilala zinapata bapa linalong'aa upande mmoja. Nazitunga kwenye spoku za baiskeli, na spoku nazilaza juu ya kingo za bati la keki, kila ushanga unaning'inia hewani bila kumgusa mwenzake. Juu nafunika foili, kwa ajili ya nyeupe, maana joto la waya likiipiga moja kwa moja inakuwa rangi ya chai ya maziwa.

Pakiti inasema nyuzi 110 kwa dakika 30. Kitufe cha oveni nacho kinasema 110. Kipimajoto nilichokiweka ndani kinasema 140, kwa hiyo nashusha kitufe mpaka kipimajoto kisome 110. Oveni ndogo za mezani ndivyo zilivyo, kitufe ni makadirio, na anayetaka kuanza kazi hii ningemwambia anunue kipimajoto kabla ya rangi ya pili. Kwenye joto sahihi chembe za PVC zinafyonza kile kilainishi na kuungana kuwa kitu kimoja. Joto likipungua haziungani vizuri, ushanga unaonekana mzima lakini siku ukianguka unakatika ka! Joto likizidi sana klei inaungua na kutoa gesi ya haidrojeni kloridi, inayochoma koo na macho. Dirisha liko wazi, na nakaa humuhumu mpaka mwisho. Kuacha oveni ya shanga na kwenda kusuka nywele ni utani mbaya.

Dakika ya kumi na tano umeme unakatika.

Zamani ningelia. Klei ina fadhila moja kubwa: inaokwa tena. Nafungua mlango wa oveni, naacha zipoe bila kuzigusa, nafua soksi za watoto. Umeme unarudi saa nane na robo, na nahesabu nusu saa upya tangu joto litakapofika. Zikitoka hazipaswi kuhukumiwa zikiwa za moto, bado ni laini. Pamoja nazo huwa naoka kijibamba cha majaribio. Kikipoa nakikunja: kimepinda na kurudi bila kukatika. Basi.

Saa tisa

Msasa wa maji. Beseni, tone la sabuni, namba 400, kisha 600, 800, 1000. Ndani ya maji vumbi haliruki, halikufikii puani. Korosho zinazidi kuwa kali kila namba inapopanda, kisha nasugua kwa kipande cha jinzi mpaka zipate mng'ao wa kimyakimya. Nyeusi nazipaka ile rangi nyeupe na kuifuta, mkeka unajitokeza. Msasa hauzigusi, ungefuta msuko. Vanishi ya maji inapata zile nyekundu za dhahabu peke yake. Na tafadhali, rangi ya kucha ya maji meupe si vanishi. Siku ya kwanza inang'aa, baadaye inaanza kunata kwa sababu viyeyusho vyake vinagombana na klei.

Saa kumi jioni

Kariakoo mara moja, Mtaa wa Kongo, kwa mshipi na vifungo vya mkufu. "Dada yangu, silva au goldi?" Goldi, bei imepanda, nimebembeleza, nimeshindwa, nimenunua. Kurudi ni foleni na dereva wa daladala anayepokea simu.

Saa mbili usiku

Watoto wamelala, natunga. Korosho mbili, mkeka mmoja, korosho mbili. Mikufu ya kamati yote inafanana. Wa bibi harusi una nyekundu ya dhahabu katikati. Huku simu inaita ujumbe juu ya ujumbe. Mmoja anauliza kama anaweza kuogea nazo. Maji hayazidhuru, namjibu, ila mshipi na vifungo vitachoka haraka. Mwingine anauliza kuhusu marashi: jipulizie kwanza, yakauke, ndipo uvae.

Halafu anapiga kungwi mwenyewe. Mama wa makamo, sauti ya kuamrisha.

"Mwanangu, nimeziona kwenye picha. Nataka na za kiunoni, nimfunge mwari wangu."

"Za kiunoni chukua za kioo, mama. Hizi zangu ni nene, zitamuumiza akilala."

"Ananiambia nani habari za kulala?"

"Samahani mama."

"Haya. Za kioo nitanunua. Wewe nifanyie moja kubwa, ya kukaa mbele, katikati ya hizo za kioo. Iwe bapa nyuma."

"Bapa nyuma, sawa. Korosho au dhahabu?"

"Vyote."

"Mama, kimoja."

Anacheka. Nasikia anauliza mtu pembeni yake. "Korosho basi. Na tundu liwe pana, uzi wangu ni wa mara mbili."

Tundu pana, uzi wa mara mbili. Naandika kwenye daftari, maana baada ya oveni tundu linahitaji drili, na drili sina.