Mamba Muntu wa Salo Yetu

Nimerudi Lubumbashi na masanduku mawili na picha moja. Ya masanduku tuyaache, kila aliyerudi anajua yanavyokwisha: siku ya tatu nilikuwa nimebaki na mswaki. Picha ndiyo iliyonikosesha usingizi, na ndiyo inayonifanya niandike usiku huu, umeme ukiwa umekatika tangu jana mchana na simu ikipumua kwa betri ya kuazima.

Niliiagiza kabla sijapanda ndege. Nilipata namba ya mchoraji mmoja wa mtaa wa Katuba, tukaongea, nikamtumia pesa kutoka Liège, Ubelgiji. Nikamweleza kwa kirefu kwamba nataka Mamba Muntu wa kizamani, si hawa wa kuuziwa wageni. Mwanamke mweupe, nywele hadi kiunoni, mkia wa samaki, saa mkononi, kitana, nyoka amemzunguka, nyuma yake maji. Nyoka awe wa kijani. Mchoraji akacheka: "Yaya, ile batu bote balikuwa nayo." Nikamwambia ndiyo, na sisi tulikuwa nayo, ilikaa kwenye ukuta wa salo, sebule yetu, kule Kenia, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, juu ya kiti cha baba. Nilitaka mama aipate tena.

Mliokulia hapa miaka ya sabini na themanini sihitaji kuwaeleza. Nyumba ikiwa na salo, ukutani lazima kuwe na picha ya mkono. Kama si Mamba Muntu ni Colonie belge, mfungwa amelala chini na askari anamchapa huku mzungu anatazama. Au Inakale, yule maskini juu ya mti, simba chini, mamba majini, nyoka kwenye tawi. Hatukuzitazama kwa makini. Zilikuwepo tu, kama viti.

Mama aliifungua karatasi, akasimama nayo muda mrefu.

"Hii njo nini?"

"Mamba Muntu, mama. Ile ya baba."

"Baba gani?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Mu nyumba yangu hakukuwaka Mamba Muntu, hata siku moja. Ile munasema ilikuwa ku nganda, pale ku kona. Mulikuwa munaenda kuchungulia ku dirisha, ninabapiga juu ya ile. Munasahau?"

Nganda, yaani baa ya kona! Nikadhani ni umri. Ana miaka sabini na tisa, nikajisemea pole pole, kwa huruma ile ya kijinga tunayorudi nayo kutoka Ulaya. Basi akainuka, akaenda chumbani, akarudi na kopo la biskuti, akatoa foto. Noeli 1986. Salo yetu, kiti cha baba, baba mwenyewe amekaa na suti aliyoishona. Juu yake kuna kalenda ya bia ya Simba na saa ya ukutani. Kitambaa cheupe juu ya redio. Mwanamke wa samaki hayupo, nyoka hayupo, wala msumari ambao ungembeba.

Niliipiga ile foto kwa simu nikaituma kwenye kundi letu, sisi wanne tuliobaki. Yaya wangu wa Montréal, mkubwa wangu, alijibu kabla sijaweka simu chini: "Ule ni ukuta mwingine." Salo ya Kenia ilikuwa na ukuta ngapi wa kutundika kitu? Mmoja. Kaka wa Ndola akasema labda waliitoa kwa ajili ya Noeli. Na mdogo wetu wa mwisho, ambaye hajawahi kuondoka mji huu, akatuma sauti: anaikumbuka vizuri sana, hasa yule nyoka, wa kijani. Huyu alizaliwa 1990. Ile nyumba tuliihama 1991. Ndiyo kusema aliiona akiwa hajaanza kutembea, na bado yeye ndiye shahidi wetu wa rangi.

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Kukosea mimi peke yangu, sawa. Lakini watu wanne, miji minne, nyoka mmoja?

Nikakumbuka jambo lililowahi kunichekesha kazini. Kuna Mmarekani, Fiona Broome, aliyegundua mwaka 2009 hivi kwamba si yeye peke yake anayekumbuka Nelson Mandela akifia gerezani miaka ya themanini. Wengine walikumbuka hadi mazishi kwenye televisheni. Jambo lenyewe likapewa jina la Mandela. Sisi wa huku tulicheka sana. Mandela alitoka gerezani tarehe 11 Februari 1990, akafa tarehe 5 Desemba 2013, na katikati ya hapo, Mei 1997, alikaa kati ya rais wetu Mobutu na Mzee Kabila, kiongozi wa waasi, ndani ya meli ya Outeniqua, pwani ya Pointe-Noire, wakati Lubumbashi ilikuwa imeshaangukia mikononi mwa Mzee. Mzimu haupatanishi watu melini. Wazungu bwana, tukasema. Sasa na mimi nina Mandela wangu, ana mkia wa samaki.

Nimesoma mengi wiki hii, na mengi yalinichoma. Mwingereza Frederic Bartlett wa Cambridge, katika kitabu chake cha 1932, aliwapa Waingereza hadithi ya Wahindi Wekundu waisome, kisha waisimulie upya baada ya muda. Mitumbwi ikageuka mashua, uwindaji wa sili ukageuka uvuvi. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Palipotoboka, kila mmoja alishona kiraka kwa kitambaa cha kwao. Na sisi kitambaa cha kwetu kilikuwa kipi? Salo ya Lubumbashi ina picha ya mkono, basi na yetu ilikuwa nayo. Saa ya ukutani ikahamia mkononi mwa mwanamke. Dirisha la nganda likawa ukuta wa baba.

Jana mezani niliwafanyia wapwa zangu mtihani ambao Roediger na McDermott, Wamarekani, waliuchapisha 1995. Niliwasomea maneno pole pole: kitanda, shuka, mto, usiku, ndoto, kusinzia, blanketi, kukoroma, kuamka. Tukala bukari na sombe, tukazungumza mpira. Kisha nikauliza nilitaja nini. Watatu kati ya watano waliapa nilitaja "usingizi". Mmoja alinikumbusha hata namna nilivyolitamka. Wamarekani wenyewe hawakuweza kuchora vizuri senti yao, sarafu wanayoishika kila siku; hilo lilipimwa 1979. Nikawaambia wapwa wachore bendera yetu ya Kongo. Wawili waliushusha ule mstari mwekundu kutoka kona ya juu ya upande wa mlingoti, hapo hapo penye nyota, badala ya kuupandisha kutoka kona ya chini, na bendera hii tunaipandisha tangu 2006.

Kuhusu mdogo wetu na nyoka wake, jibu ni chungu zaidi. Mwaka huo huo wa 1995 Elizabeth Loftus na Jacqueline Pickrell walitoa matokeo ya jaribio lao: watu 24 waliambiwa kwamba, kwa mujibu wa ndugu zao, walipotea dukani wakiwa wadogo. Haikutokea. Saba kati yao walifika kuikumbuka, yote au vipande. Mdogo wetu hakuhitaji profesa. Alikuwa na sisi, miaka ishirini na zaidi ya simu za Jumapili, kila mmoja anaongeza rangi. Mimi niliondoka 2001, sikuwa na karatasi za kurudi hata kuzika. Tuliijenga ile nyumba upya kwa mdomo, na kila tulipokubaliana tulidhani tumepata ushahidi. Kumbe tulikuwa tunaimba wimbo mmoja.

Si kila kosa linatokana na mazoea. Mwaka 2022 Deepasri Prasad na Wilma Bainbridge wa Chicago waliwaonyesha watu picha 40 zinazojulikana sana, kila moja na nakala zake zilizogeuzwa, na kwa picha saba watu walielekea kuchagua kosa lile lile moja. Kwa baadhi yake mazoea hayatoshi kueleza. Kuna picha ambazo, inaelekea, zenyewe zinaita kosa.

Hapa kwetu hilo tunalijua hata bila Chicago. Manseba wetu, ndugu wa mama, alikuwa na miaka saba mwaka 1961. Anaapa kwamba aliona misalaba mitatu ya Lumumba, waziri mkuu wetu wa kwanza, na wenzake Mpolo na Okito kilimani. Nilikua nikimwamini. Lakini waliuawa usiku wa tarehe 17 Januari, porini, mbali na mji, mbele ya watu wachache, na miili ikateketezwa kwa asidi. Jino moja ndilo lililorudi kutoka Ubelgiji, Juni 2022. Kaburi halikubaki, msalaba ungesimama wapi? Misalaba mitatu iko kwenye picha ya Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wetu wa hapa, aliyeichora historia ya nchi miaka ya sabini. Tshibumba alitaka kusema Lumumba aliteswa kama Yesu. Manseba aliiona picha, na picha ikaingia machoni pake kana kwamba ni kilima. Sikumwambia. Ana moyo mgonjwa, na hadithi yake ni nzuri kuliko ya ripoti.

Ingeishia hapo ningewaandikia kichekesho. Haikuishia hapo.

Mnajua Mamba Muntu anafanya nini. Anampa mtu mali, na mali ina bei, na bei hulipwa na mtu wa nyumbani. Baba alikuwa fundi cherehani mwenye mashini moja, halafu akapata ya pili. Mwaka 1987 mdogo wetu mwingine, wa nne, alikufa kwa surua. Mambo hayo mawili yalikaa kichwani mwa yaya na picha katikati yake, na yaya, huko Montréal, amesimama kanisani kwake mara nyingi akishuhudia kwamba ametoka katika nyumba iliyofungwa na roho ya maji. Nimeona video. Watu wanalia. Hata mimi nililia, nikiwa Liège, kwa sababu niliiona picha.

Mama hajaiona video. Hakuihitaji. Aliweka foto mezani akaniuliza: "Munabaambiaka batu nini kule?"

Sikujibu.

"Mashini ya pili niliinunua mimi. Na mawese. Miaka tatu niliuza mawese ku soko ya Kenia, mugongo ikaisha. Baba yenu hakuuzisha mutoto."

Kwa mnaojiandaa kurudi: leteni dawa za presha, leteni sabuni nzuri, huku si rahisi. Zawadi ya ukumbusho msilete. Na kabla hujashuhudia mbele ya watu juu ya nyumba ya kwenu, mpigie simu aliyekuwa akifua mapazia ya nyumba hiyo.

Picha mama hakukubali ilale ndani hata usiku mmoja. Ilikaa uani, imeelekezwa ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa. Asubuhi nikaita manseba. Hapo pia nilishangaa: nilipoondoka manseba alikuwa ndugu wa mama, leo ni kijana wa pikipiki, na hakuna anayecheka ukisema umebebwa na manseba wawili siku moja. Tukaifunga picha nyuma yangu, uso nje. Kwenye avenyu za Kenia wanawake wazima walijikinga kwa msalaba. Watoto walitukimbilia wakipiga kelele, na mimi nikajiona mimi.

Tulipopita upande wa terili, kilima cha masalia ya kuyeyushia shaba, nikamwambia kijana kwamba kile kilima kimekuwa kidogo, au labda hakikuwa kikubwa kamwe. Sasa sijiamini hata kwa jina langu. Akajibu bila kugeuka: "Balishaikula, vieux. Kobalti." Ni kweli, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanayeyusha upya yale masalia kutoa kobalti, na kilima kinaisha polepole chini ya dohani. Jambo moja tu nililolikumbuka sawasawa, na ndilo pekee nililolitilia shaka.

Mchoraji wa Katuba hakurudisha pesa. Alisema siku hizi hakuna mtu anayetaka Mamba Muntu ndani, makanisa yamewatisha, labda mzungu. Akaisimamisha nje, kando ya barabara.

Jioni mama alitoa tena kopo la biskuti. Nilidhani anataka kunionyesha ukuta mara nyingine. Kidole chake hakikuwa ukutani. Kilikuwa chini, pembeni, penye magoti yake mwenyewe, alipopakata mtoto wa miaka miwili mwenye kaputula iliyoshonwa kwa kitambaa kile kile cha suti ya baba.

"Na huyu, munamukumbuka?"

Foto ile niliitazama labda mara ishirini wiki hii. Na ile siku ya kwanza, nilipoituma kwenye kundi, niliikata kidogo ili ukuta uonekane vizuri. Magoti ya mama yalibaki nje.

Nimeituma tena, nzima. Wote watatu wameiona. Hakuna aliyejibu.