Siku yangu moja: mwashi wa chupa, Vingunguti, Dar es Salaam

Saa 12 asubuhi nimeshakunywa chai ya rangi, niko kiwanjani. Tunajenga baraza la kukalia la mtaa, kuzunguka mwembe. Tofali zetu ni chupa za maji za nusu lita zilizoshindiliwa taka laini za plastiki, zinashikwa kwa udongo wa kichuguu. Wananiita Mama Jalala. Mimi ni mwashi, lakini nimezoea.

Saa 1 hadi saa 3, kukanyaga udongo na nyasi kavu. Miguu tu.

Saa 3, mapokezi ya chupa. Hapa ndipo siku yangu huharibikia. Chupa ya chini ya gramu 165 siipokei, itabonyea na benchi libonyee nayo. Taka mbichi nazo huoza, gesi ikaivimbisha chupa. Basi akaja mzee mmoja na kiroba cha chupa arobaini. Shikamoo, marahaba, tukapima. Gramu 90. Nyingine 74.

"Mwanangu, huoni imejaa?"

Naona baba, imejaa hewa.

Akataka mizani nyingine. Tukaenda kwa muuza dagaa: 90 ileile. Akasema wanawake tumepanga. Nikaipasua moja kwa kisu: karatasi za biskuti, ganda la ndizi jeusi, na soksi. Soksi! Akaapa si yake. Vijana wangu wakaacha kazi wakacheka, udongo ukaanza kukauka, nikawa nabishana huku namwagia maji, jua limeshafika utosini. Mzee akabeba kiroba, hakuaga.

Watu hudhani mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 1, 2019, plastiki iliisha. Waje waone mitaro yetu mvua ikinyesha. Na chupa hizi hatununui, kila nyumba inaleta zake. Kumkataa mtu aliyejitolea kunaumiza kuliko kumkataa muuzaji.

Mchana sijui ilikuwa saa ngapi. Chupa, udongo, chupa, udongo. Mgongo. Kisha kupaka udongo juu ya yote, maana jua hula plastiki. Wageni wenye kamera husikitika kwamba hawaoni chupa.

Jioni nimeshafungia mizani, mzee huyo. Ana chupa tatu tu.

"Pima."

Nikaitoa. 171. 168. 159.

"Hiyo ya tatu bado, baba."

Akaniomba kijiti, akakaa kwenye udongo mbichi, akaanza kushindilia.