Sayansi kimu kwa vijana: ninavyoanza na kifungo

Darasa la sayansi kimu, yaani somo la upishi, ushonaji na kazi za nyumbani, silianzii jikoni. Nalianza na sindano, kwa sababu mshono uliokosewa unafumuliwa, chakula kilichoungua hakirudi. Kijana aliyechoka kuambiwa hawezi anahitaji kwanza kazi ambayo kosa lake halimuumbui.

Kazi yenyewe ni kifungo cha shati. Uzi sentimita 50, ukunjwe mara mbili, upigwe fundo. Wengi hukata mrefu zaidi ili wasitunge tena; matokeo yake unasokotana kila wanapovuta. Kosa jingine ni kukibana kifungo kwenye kitambaa hadi kinagoma kuingia tunduni. Dawa ni njiti ya kiberiti: ilaze juu ya kifungo, shona ukiiruka mara 4 hadi 6, ichomoe, kisha zungusha uzi chini ya kifungo mara 3 au 4 kipate shingo. Fundo la mwisho liwe upande wa ndani. Aliyekosea hufumua mwenyewe. Mimi sishiki sindano yake hata kipindi kikielekea kwisha.

Jikoni nasimama zaidi kwenye kiporo. "Weka chakula mahali salama" haimfundishi mtu kitu. Nawaeleza kwamba mbegu za bakteria aina ya Bacillus cereus huhimili kuchemka, zikaamka na kutoa sumu wali ukikaa vuguvugu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupasha moto. Wakishajua hivyo, wanauhamishia wali kwenye vyombo vya kina kifupi bila kusukumwa, maana katikati ya sufuria hubaki na joto muda mrefu, na unaingia kwenye friji kabla ya muda wa saa mbili kupita tangu uive. Kipimajoto nacho humaliza ubishi: chakula kinachopashwa kifike nyuzi 70 katikati.

Vikundi ni vya watu 4, zamu zikizunguka: bajeti, kupika, kupakua, kuosha. Zisipozunguka, mpole ndiye mwosha vyombo wa kudumu.

Mazungumzo mazito huja wakati wa kumenya na kukatakata, mikono ikiwa na shughuli na macho yakiwa chini, basi siulizi mengi. Uzito wa mwili wa mtu hautajwi, wala chakula hakiitwi kibaya. Kwa kijana anayeogopa kula, neno moja la hivyo linatosha kumfanya azidi kujinyima chakula. Tunazungumzia kazi ya chakula mwilini. Alama nyingi natoa kwa mpango na usafi, ladha inapata chache.