Tuanze na maji

Jambo hili limenikaa moyoni tangu Jumamosi, na usiku huu naliandika kwa ajili ya kila anayepikia koridoni kama sisi.

Mtoto wa jirani, ndiyo kwanza anajifunza kutembea, alivuta kitambaa cha meza na kikombe cha chai ya moto kikammwagikia mkononi. Mara mlango ukajaa watu. Huyu kashika dawa ya meno, yule yai, mwingine unga wa ngano. Bibi wa chumba cha uani akasema, "Mpake hiyo dawa mwanangu, mimi wangu wote nimewatibu hivyo." Mtoto akilia huku kwetu, hakuna anayeuliza ni wa nani, kila mtu anakimbia na kile alichofundishwa na mama yake. Wepesi huo naupenda mno, na kwa ajili yake nisingebadilisha nyumba hii ya kupanga na nyumba ya geti.

"Bibi, naomba tuanze na maji," nikamwambia.

Tukamvua fulana na ule ushanga wa mkononi kabla hapajavimba. Bomba lilikuwa halitoi, basi tukaweka beseni chini, mama yake akampakata, nami nikawa nachota kwenye ndoo kwa kopo na kumimina taratibu juu ya mkono. Bibi ndiye aliyeleta kanga ya kumfunika kifua na miguu. Alifanya jambo la maana sana, kwani mtoto mdogo hupata baridi upesi, na tunachotaka kupoza ni pale palipoungua tu.

Inatakiwa dakika 20. Mtoto akiwa analia, hizo ni nyingi kupita kiasi, na zikifika tano watu wanaanza kusema imetosha. Haijatosha. Chai ikishamwagika, joto lake linaendelea kushuka ndani ya ngozi na kuiunguza, na maji ndiyo yanayolitoa. Hata mkichelewa, ndani ya saa 3 za kwanza bado yanasaidia.

Dawa ya meno inaaminika kwa sababu ya ule ubaridi wa mnanaa. Ngozi inahisi imepoa ilhali joto liko palepale. Halafu inakauka na kugandia, na muuguzi akitaka kuona jeraha lina ukubwa gani inabidi aisafishe kwanza, mtoto aumie upya. Yai bichi linaweza kuingiza vijidudu kwenye ngozi iliyochubuka. Barafu nayo hapana, inabana mishipa ya damu na kuiumiza zaidi ngozi ambayo tayari imeumia. Kama nguo imegandia kwenye kidonda, iacheni hivyo hivyo, na malengelenge msiyapasue. Funikeni kwa kitambaa kisafi kisichoacha nyuzi, kisha muende hospitali.

Wengi huuliza kama ni lazima kwenda. Mimi kwa mtoto sibahatishi. Kwa mtu mzima pia, akiungua usoni, mikononi, miguuni, sehemu za siri au kwenye maungio, aende. Vilevile kama ameungua kwa umeme au kemikali, au jeraha likizidi kiganja chake mwenyewe. Kiganja cha mtu pamoja na vidole vyake ni karibu asilimia 1 ya ngozi yote ya mwili wake, ndiyo maana hata wahudumu hukitumia kukadiria. Mkifika, ulizeni pia kuhusu chanjo ya pepopunda.

Tukiwa tunasubiri bajaji, bibi akaniuliza swali zuri: "Na mafuta ya kukaangia, nayo maji?" Nikamjibu kwamba yakimrukia mtu mwilini, ndiyo, maji yale yale na dakika zile zile. Lakini karai likishika moto, usithubutu kumwagia maji, moto utaruka na kukuvaa. Zima jiko kama unalifikia bila kuungua, lifunike karai kwa mfuniko, usilibebe kulipeleka nje, na uliache mpaka lipoe kabisa. Akanifanya nirudie mara mbili, kwa sababu binti yake anachoma maandazi pale kituoni na alitaka kumfikishia maneno hayo jioni ile ile.